Nilivyodunga matikiti sindano ya ngamia, wiki ya harusi ya binti yangu

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa kanisani habari zenu.

Naanza kwa kusema wazi: mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani.

Nimeona ngamia akizaa juu ya lori linalotembea, na lori halikusimama. Nimeona mto Tana ukimega shamba la mtu usiku na asubuhi udongo uko ng'ambo, kwa mtu mwingine, pamoja na migomba yake. Nimewahi kuuza beberu asubuhi, jioni nikamnunua beberu yule yule, kesho yake nikamuuza tena, na mara zote mbili nikapata faida.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba ndani ya tunda kuna mtu wa kisu, nilicheka.

Nawaeleza yote kama yalivyokuwa. Niliyaona kwa macho haya na kuyanusa kwa pua hii, wallahi. Hasa kuyanusa.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la nne. Nikaanza na mkokoteni wa punda, nauza maji hapa Garissa mjini, mtungi kwa mtungi. Punda mmoja wakawa wanne. Kutoka punda nikaingia mbuzi, kutoka mbuzi ng'ombe, kutoka ng'ombe lori. Leo nina malori mawili, duka la hardware, nyumba za kupangisha nyuma ya duka, na ekari tano kando ya mto zenye pampu yangu mwenyewe ya dizeli. Urithi sikupewa hata kamba. Cheti changu ni hiki kichwa, na benki wananiita "sir".

Ekari tano nilipanda tikiti maji. Kwa nini? Kwa sababu nina akili. Njooni Garissa mwezi wa joto mwone watu wanavyogombania kipande cha tikiti, halafu mniulize tena.

Lakini kuna jambo wageni hawalijui. Huku kwetu mwanaume anahesabiwa kwa mifugo. Kuna wazee mpaka leo wakikuona umeshika jembe, wanaona kama umevua suruali sokoni.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Binti yangu mkubwa, Hamdi, alipata mchumba. Kijana ana adabu, ana kazi, hana mdomo mrefu. Wao ni watu wa Eldas, kule Wajir. Babake anaitwa Mzee Noor, na ngamia wake ukianza kuwahesabu unasahau ulipofikia.

Walipokuja kuposa, Mzee Noor alikunywa chai yangu taratibu, akaweka kikombe chini, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba:

"Walaal, ndugu yangu, nasikia siku hizi unachimba."

"Ninalima," nikamjibu.

"Ndiyo. Unachimba."

Akaendelea:

"Sisi hatujawahi kuoa kwa watu wa jembe. Lakini wewe tunakujua. Ulikuwa mtu wa mifugo."

Ulikuwa! Wakuu, hilo neno liliniingia kama mwiba wa mgunga. Sikujiwazia mimi. Nilimuwazia Hamdi. Niliona binti yangu anafika Eldas, anaenda kisimani, na wanawake wa kule wanasogezana viwiko: huyo ndiye mtoto wa mchimbaji. Mke akianza ndoa na jina kama hilo, jina linazeeka naye.

Basi nikasimama pale pale, mbele ya wazee wao na wazee wetu:

"Siku ya harusi hakuna soda. Kila mgeni atakula tikiti la shamba langu. Na kama kuna mtu mmoja atakayemaliza kipande asiombe cha pili, nauza pampu!"

Nyuma ya pazia nikasikia mke wangu, Habiba, akikohoa. Hakuwa na kifua. Nakijua hicho kikohozi.

Haya. Matikiti yakaota, yakatambaa, yakazaa. Wakuu, yalikuwa mazuri mpaka watu wakipita na pikipiki wanapunguza mwendo. Tunda kubwa kama kichwa cha ngamia, lingine kama tumbo la mtu wa ofisini. Mimi kila asubuhi natembea katikati ya mistari mikono nyuma, nacheka peke yangu.

Ndipo kiangazi kikabana. Majani ya porini yakaisha. Kila mwenye mbuzi wa maziwa mjini akawa anatafuta lishe, na gunia la majani mabichi likawa na bei ya ajabu.

Nikaangalia shamba langu. Ekari tano za majani ya kijani, yamelala tu.

Nikawaza kama mtu wa mifugo. Ndama akishakuwa mkubwa unamtoa kwa mama, si ndiyo? Tunda limeshakuwa kubwa. Limeshaachishwa ziwa. Haya majani sasa kazi yake ni kunywa maji yangu ya dizeli bure.

Nikaita watu wenye mundu. Chuma majani, chuma vichipukizi vya pembeni, acha shina na tunda. Jaza magunia, peleka sokoni.

Habiba akaja mbio na kikombe chake cha kupimia maziwa mkononi.

"Baba Hamdi, unafanya nini?"

"Navuna mara mbili. Majani leo, matunda baadaye."

"Hayo majani yana kazi."

"Kazi gani? Niambie."

"Kazi gani sijui. Lakini Mungu hakutandaza kitu kikubwa hivyo kwa ajili ya mapambo. Mistari yangu usiiguse."

Niwaeleze hapo. Robo ekari upande wa mto ni ya Habiba. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, na mbegu alinunua kwa pesa yake. Sisi Waislamu mali ya mke ni ya mke. Mimi kwenye ile robo ekari ni mgeni tu, hata nikitaka kukojoa natafuta pengine.

Nikamwambia sawa, endelea kufuga mapambo.

Siku zikaenda. Matunda yangu yalibaki pale pale juu ya mashina matupu, makubwa, yanang'aa, hayakunyauka sana. Shamba lilifanana na kichwa cha mzee mwenye upara ambaye ana majipu. Nikaona sawa, si tunda ndilo linaliwa?

Wiki mbili hivi kabla ya harusi, nikachagua kubwa kuliko yote, nikalipasua.

Wakuu.

Ndani lilikuwa na rangi ya ufizi wa mgonjwa. Nikaonja. Mnajua maji ya mtungi yaliyochujwa kwa soksi? Afadhali hayo.

Nikapasua la pili. Hivyo hivyo. La tano. Hivyo hivyo. Nikakaa chini katikati ya shamba, na kitu cha kwanza nilichosikia kichwani ni sauti ya Mzee Noor: unachimba.

Sasa, mtu mwingine angelia. Mimi sikufika hapa nilipo kwa kulia.

Nikakumbuka zamani. Mwana-mbuzi akizaliwa dhaifu, hawezi kusimama, unampa maji ya sukari mdomoni. Baada ya muda anasimama, anakupiga teke. Nimeokoa wengi. Nikasema tatizo ni dogo: haya matikiti ni dhaifu.

Nikatoa gunia la sukari dukani, nikakoroga kwenye mapipa, nikamwagia kila shina lita yake.

Kesho yake sisimizi wa Garissa nzima walikuwa kwangu. Sijui walipigiana simu. Wengine nafikiri walitoka Dadaab. Na mashina yaliyokuwa yamebaki yakaanza kuwa ya njano. Habiba akapita pale na ndoo yake, akaangalia, akaniuliza:

"Chai umeweka majani lakini?"

Nikajifanya nahesabu mashina.

Nikasema, kumbe nimekosea njia tu. Mnyama akikataa kunywa, unafanya nini? Unamdunga!

Nikavuna matunda yote yaliyokuwa na sura, zaidi ya mia, nikayapanga kwenye stoo yangu ya mabati. Halafu nikaenda kwa Mutua, mtu wa Kitui anayeuza dawa za mifugo mjini. Sisi tunamwita Daktari.

"Daktari, nipe sindano kubwa."

"Ya ng'ombe?"

"Kubwa kuliko hiyo."

"Ya ngamia, basi. Wanaumwa nini?"

"Hawana utamu."

Mutua akavua miwani.

"Mzee, ngamia hawana utamu?"

"Ni matikiti, Daktari. Nipe sindano tatu, na usiniulize dozi, dozi naijua."

Alinipa. Lakini nilipogeuka nilimsikia anaita mtu wa duka la jirani aje anione nikitembea.

Nikachemsha shira ya sukari sufuria nzima, nikaacha ipoe, nikafunga mlango wa stoo, nikaanza kazi. Karibu na kikonyo, polepole, kama unavyodunga ngamia shingoni. Jingine lilikuwa linatoa povu kidogo, naliziba kwa kidole naendelea. Nilikuwa naongea nayo: tulia, tulia, imeisha.

Nikapasua moja kuonja. Tamu!

Sawa, upande mmoja tamu na upande mwingine bado soksi. Lakini nilikula upande mtamu nikafumba macho, nikaamua kwamba tunda ni tamu. Niliruka ruka mle ndani wakuu, mtu mzima na tumbo langu. Nilijiona mtu wa kwanza duniani kugundua hicho kitu. Nilifikiria mpaka jina la kampuni.

Nikayaacha yapumzike mle stoo. Joto la Garissa mnalijua, na chini ya mabati lizidishe mara mbili.

Siku mbili kabla ya harusi nikataka kujigamba kidogo. Nina mpangaji wangu, Mwalimu Kavata, mama wa Machakos, anafundisha Biology kwenye shule ya wasichana. Mtu wa maneno, kodi analipa kwa wakati na matusi ya utani juu. Nikamwambia, Mwalimu, njoo uone kitu ambacho kwenye vitabu vyenu hakimo.

Nikafungua mlango.

Harufu ilitoka kwanza, ikatupita, ikaenda zake barabarani.

Mwalimu akasimama. Akanusa. Akanusa tena akiwa amefumba macho, kama mtu aliyekumbuka kwao.

"Mzee," akasema polepole, "hii biashara umeianza lini?"

"Biashara gani?"

"Hii ya jerikeni. Kwetu polisi wanaivamia mchana."

Kabla sijamjibu, tikiti moja pembeni likafanya *tsiiiii*. Povu likatoka kwenye tundu la sindano. Halafu la juu yake likapasuka *pwaa!* na mimi nikajikuta nimejificha nyuma ya mwalimu wa kike.

Wakuu, nilikuwa nimetengeneza pombe. Mia na kitu. Mimi, mwenye nafasi yangu ya safu ya mbele msikitini. Kwa harusi ambayo sheikh ndiye mgeni rasmi!

Nilianza kusema astaghfirullah nikashindwa kusimamisha. Mwalimu Kavata alikuwa amekaa juu ya ndoo anacheka mpaka machozi, anapiga mapaja.

"Uliyadunga? Uliyadunga sindano? Na za ngamia!"

Alipopata pumzi nikamwomba anieleze nimekosea wapi, maana mimi hasara siiogopi, naogopa hasara nisiyoielewa. Na hapa ndipo wakuu nawaomba msome taratibu, maana hii ndiyo sababu ya uzi.

Akaniuliza, "Sukari ya tunda inatoka wapi?"

"Kwenye tunda."

"Hapana. Inatengenezwa kwenye jani, kwa jua na hewa na maji. Jani ndilo jiko."

Nikakumbuka yale magunia ya majani.

Akaendelea. Sukari ile haitembei moja moja. Inatoka kwenye jani ikiwa jozi, sukari mbili ndogo zimeshikana, inashuka kwenye shina mpaka kwa wenye njaa: mizizi, vichipukizi, maua, matunda. Nikamwambia, ngoja Mwalimu, kama ngamia wawili waliofungwa kamba moja wanateremshwa mnadani? Akasema hasa hivyo.

Sasa kwenye mlango wa kila mwenye njaa kuna mtu wa kisu. Nikacheka, yeye akaendelea. Kazi yake ni moja tu: kukata kamba. Akikata, jozi inakuwa wawili, kila mmoja anaingia zizini kwake. Huyo mtu wa kisu ndiye wanamwita kimeng'enya, na huyu wa sukari jina lake invertase. Aliniandikia kwenye simu.

"Na kwa nini akate?" nikauliza. "Si waingie hivyo hivyo wawili?"

"Kwa sababu kila akikata, mle ndani sukari zinakuwa nyingi mara mbili, na zinavuta maji. Maji yakiingia, tunda changa linavimba. Ndivyo linakua. Tena akiwakata mlangoni, jozi nyingine inapata nafasi ya kushuka. Asipokuwepo, foleni inasimama mpaka kule juu kwenye jani."

"Na utamu?"

"Tunda likishakua, mwenye kisu anapunguza kasi. Kuanzia hapo sukari inayoshuka inawekwa akiba. Ile akiba ndiyo utamu. Sasa wewe ulifanya nini wakati wa akiba?"

Nilitaka kusema kitu cha heshima. Nikasema, "Niliuza jiko."

"Uliuza jiko! Mwenye kisu amekaa getini na kisu chake, anaangalia barabara, hakuna ngamia hata mmoja anayekuja."

Wallahi nilimwonea huruma yule mtu wa kisu. Niliona kabisa amechuchumaa pale, anatafuna kijiti cha mswaki, anasubiri msafara ambao mimi nimeupeleka sokoni kwenye magunia.

Nikamuuliza, na ile sukari niliyomwaga chini je? Akasema mmea hauna mdomo wa kunywa chai kwenye mizizi. Ile nilikaribisha sisimizi na vijidudu vya udongo, wakala sukari, na chakula cha mmea pia wakakimaliza.

Na sindano? Hapo alianza kucheka upya.

"Hamira, Mzee! Hamira ya mandazi, binamu zake wako kila mahali. Juu ya ganda, kwenye vidole vyako, kwenye sindano. Na hamira naye ana kisu hicho hicho! Umemtobolea tundu, umemmiminia sukari, umemfungia kwenye joto. Amekata kamba usiku na mchana, akala ngamia wako wote, akakuachia pombe na gesi."

Sasa niambieni, wakuu. Kisu kimoja. Kwenye tunda kinakuza, kwenye hamira kinaleta pombe. Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya stoo mdomo wazi, nimeroa juisi haramu, na bado nataka anieleze tena kutoka mwanzo. Nilisahau hata harusi!

Mwalimu ndiye aliyenikumbusha. "Wageni wako watakula nini?"

Nikainuka nikatoka nje, nikaangalia shamba.

Kulikuwa na sehemu moja tu katika ekari tano iliyokuwa bado na majani. Mnaijua.

Habiba nilimkuta anafunga madumu ya maziwa. Nikakaa mbali kidogo, nikakohoa. Yeye akakohoa pia.

"Mama Hamdi, yale mapambo yako yanaendeleaje?"

"Yanaendelea."

"Naona kama yameiva."

"Yameiva. Kuna mama wa Hola ameshaniahidi bei."

"Bei? Habiba, ni harusi ya mtoto wetu!"

"Harusi ni ya mtoto wetu. Matikiti ni yangu. Maneno ya soda yalikuwa ya nani?"

Nikasema yalikuwa yangu.

"Basi lipa bei ya mama wa Hola, na kidogo juu, kwa sababu uliyaita mapambo."

Mimi nimebishana bei na watu wa Elwak ambao hata Shetani hanunui kwao. Nilijaribu kila mbinu. Nilienda, nikarudi. Nikajifanya naondoka kabisa. Yule mwanamke alikuwa anaendelea kufunga madumu yake, hata hakuinua kichwa. Nililipa. Akanionjesha kipande pale pale.

Wakuu, lilikuwa jekundu kama mlango wa posta. Utamu ulinifika kwenye meno ya nyuma, yale yaliyong'olewa. Nikafikiria jani limekaa juani kutwa nzima linapika, jozi zinashuka, mwenye kisu anapanga akiba. Nikasema subhanallah na kinywa kimejaa.

Yale ya stoo tuliyachimbia shimo nyuma ya shamba, lakini kabla hatujalifukia wakafika wale ndege wakubwa wenye upara wanaoshinda kwenye jaa la taka la mjini. Wakala. Baada ya hapo mmoja alijaribu kuruka akaenda kinyumenyume. Wawili walikuwa wanasalimiana, wanaachana, wanasalimiana tena. Mwalimu Kavata alirekodi, alionyesha darasa zima.

Siku ya harusi ikafika. Nikaah ikasomwa, pilau na nyama ya ngamia vikaliwa, halafu nikaashiria. Sinia zikatoka, vipande vyekundu vimepangwa. Kilichosikika ni kufyonza tu na mbegu kutemwa.

Mzee Noor alikula kipande kimoja.

Akanyoosha mkono. Cha pili.

Cha tatu. Ndevu zake zenye hina zilikuwa zinadondosha maji. Akajifuta, akanigeukia mbele ya wazee wote wa Eldas:

"Walaal, utamu huu unautoaje?"

Nikavuta kifua. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Nikafungua mdomo, na kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, sauti ya mke wangu ikatangulia:

"Mwambie ya sindano!"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Kumbe wote walikuwa wanajua! Wazee wakanigeukia. Mzee Noor akauliza sindano gani.

Hakukuwa na pa kutokea. Nikasema moyoni, Hamdi mwanangu, nisamehe. Nikawaeleza. Majani, magunia, sisimizi, shira, stoo, *pwaa*. Na kwamba haya wanayokula ni ya Habiba.

Wazee wakaacha kutafuna.

Mzee Noor akaniangalia sana. Halafu akauliza, bila kucheka:

"Sindano ilikuwa ya mnyama gani?"

"Ngamia."

"Ulidunga wapi?"

"Karibu na kikonyo."

"Ulipaka spiriti kwanza?"

"Hapana."

"Aaah," akasema, akitikisa kichwa kama daktari. "Lazima lingeoza."

Halafu akapasuka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye sinia ya matikiti. Alijaribu kusema akashindwa mara tatu, akawa ananionyesha kwa kidole kwa ndugu zake.

"Nilisema huyu amekuwa mtu wa jembe! Mtu wa jembe gani anadunga tunda? Mtu wa jembe angengoja mvua! Huyu ameona tunda linaumwa, ameleta sindano! Wallahi huyu ni mchungaji mpaka kwenye mifupa. Hata tikiti analitibu!"

Mahema yote yalicheka. Sheikh alicheka, akajifunika uso kwa kitambaa. Na Mzee Noor akasimama pale pale akataja ngamia jike mwenye maziwa, juu ya mahari yaliyokubaliwa, awe wa Hamdi mwenyewe kwa jina lake.

Binti yangu aliondoka Garissa kichwa juu. Juzi amenipigia kutoka Eldas. Anasema kule hakuna anayemwita mtoto wa mchimbaji. Akifika kisimani wanampisha, wanamwambia aeleze tena ile ya babake.

Mafunzo niliyopata ni haya. Usiuze jani kabla tunda halijaiva, hata gunia liwe na bei ya dhahabu. Na yule mtu wa kisu mheshimuni, maana hayupo kwenye tikiti peke yake. Mwalimu anasema yuko kwenye mzizi unaotafuta maji, kwenye jani changa, kwenye ua linalotaka kuwa tunda. Kiangazi kikizidi naye anazubaa, ua linakosa chakula, linaanguka. Mimi miaka yote maua yakianguka nilikuwa nalaumu jicho la jirani. Nimeshaenda kumwomba radhi, hakujua hata namlaumu nini.

Msimu huu nimepanda tena ekari zote tano. Jani hata la kuwashia moto halitoki. Mtu akija na mundu getini anarudi nao.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama kuna mwingine aliyewahi kutibu mmea kama mnyama ajitokeze tusiwe wachache, na wale wasomi wa Biology kama Mwalimu amenidanganya mahali semeni, nitampelekea majibu mlangoni.

Na kabla hamjauliza, maana nawajua: ukijumlisha sukari, sindano tatu na bei ya Habiba pamoja na ile kidogo ya juu, halafu utoe hela niliyopata kwa magunia ya majani, elimu hii ilinigharimu shilingi elfu thelathini na tisa, mia sita na arobaini.